Darubini ya Ildefons na Macho ya Mama Yake

Ndugu zangu wa Bilele, na ninyi wote mnaoishi mbali na wazazi wenu, nisikilizeni. Haya yametokea nyumba ya tatu kutoka kwangu, na mwenyewe ameniruhusu niyasimulie bila kuficha jina lake.

Ildefons ni fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari hapa Bukoba. Si mlevi wala mgomvi. Jioni mvua inapopumzika, ungemkuta uani na mkewe Consolata na binti yao Nancy wa miaka tisa, wameshiba ndizi na samaki, wanapokezana kuchungulia kwenye darubini aliyoiunda kwa mikono yake. Mwili wa darubini hiyo ulikuwa bomba la maji taka la inchi sita. Lilikuwa jipya, msicheke. Kioo alikisugua miezi saba. Mota ndogo aliyoing'oa kwenye printa mbovu iliizungusha darubini polepole, ili ifuatane na nyota. Hata mimi niliitwa, nikaiona sayari ya Mshtarii na miezi yake minne, nikarudi nyumbani natabasamu peke yangu.

Je, kuna ubaya hapo? Hakuna. Ubaya uliingia taratibu.

Ildefons alitaka kupiga picha ya wingu la gesi lililo katika kundi la nyota la Jabari, karibu na zile tatu zilizojipanga mstari. Kwa macho utaona doa hafifu tu. Lakini ukilipiga mamia ya picha kwa kamera, kisha ukazipandanisha kwenye kompyuta, doa lile linatoa rangi ya waridi na buluu. Shida ni taa za mji, zinafifisha anga lote. Basi akaanza vita na taa. Akazima ya barazani. Akamwomba jirani azime ya ukutani. Nancy akakatazwa kufungua mlango wa jikoni baba akiwa kwenye darubini. Hata simu aliizima, maana mwanga wake uliyaharibu macho yaliyokwisha kuzoea giza.

Sasa, Ildefons ana mama. Anaitwa Alistidia, mjane wa miaka sabini na miwili, na anaishi peke yake kwenye kibanja chake cha migomba na kahawa, nje kidogo ya Muleba. Ni safari ya saa moja na nusu. Kila Jumamosi mchana mama huyo alipiga simu.

"Mwanangu, unakuja lini?"

"Wiki ijayo, Mae. Wiki hii anga ni safi na mwezi haupo."

Wiki iliyofuata mota ilikwama. Ile nyingine kioo kilitaka kusafishwa. Mwaka ukaisha hivyo, Krismasi ikapita.

"Baba Nancy," Consolata alimwambia, "sauti ya Mae imebadilika. Twende tukamwone."

"Anaongea vizuri tu. Sukari na sabuni si huwa namtumia?"

"Nimesema tukamwone. Sijasema tumtumie."

Ildefons aligeukia kompyuta yake. Alikuwa anahesabu picha.

Alhamisi moja ya Februari, saa mbili usiku, Joackim, jirani wa mama huko Muleba, alimpigia Ildefons mara tatu bila kumpata. Akampigia Consolata. Consolata akatoka mbio hadi uani.

"Mae ameungua! Amejimwagia maji ya moto mguuni!"

"Joackim si yuko naye?" Ildefons alisema, jicho likiwa kwenye kamera. "Nipe dakika ishirini, nimalize hizi zilizobaki."

Consolata hakungoja. Alimleta Nancy kwangu, akakodi teksi, akaenda Muleba peke yake.

Ildefons alimaliza. Akazipandanisha picha zake, na kweli, wingu lile likatokea zuri kuliko alivyowahi kuota. Akaita, "Mama Nancy, njoo uone!" Nyumba ilikuwa tupu. Akaja kugonga kwangu, kompyuta mkononi.

"Mkeo yuko Muleba kwa mama yako," nilimwambia. "Na wewe uko wapi?"

Aliifunga kompyuta yake palepale mlangoni. Alfajiri alipanda gari la kwanza.

Alimkuta mama ameketi kwenye kigoda, mguu umefungwa bandeji. Mama akageuza uso kuelekea mlangoni.

"Joackim, umeniletea maji?"

"Ni mimi, Mae."

"Ilde?" Mkono wa mama ulinyooka kumtafuta, ukapita pembeni yake.

Ndipo Ildefons alipoiona kamba ya migomba iliyofungwa kutoka mlango wa jikoni hadi chooni.

"Kamba hii ni ya nini?"

"Ya kunipeleka na kunirudisha. Niliifunga mwaka jana, baada ya Pasaka. Jana nilidhani meza iko pale ninapoweka sufuria, kumbe haipo."

"Mbona hukuniambia kwenye simu?"

"Nilikuambia uje," mama alisema kwa upole.

Ndugu zangu, mwanaume yule alilia mbele ya mkewe na jirani, wala hakujificha.

Mungu ni mwema. Mguu ulipona. Daktari wa macho alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba upasuaji unawezekana. Ildefons alichukua likizo, akampeleka mama hospitali, akampikia, akamfulia. Consolata hakumsamehe siku hiyo hiyo.

"Zile dakika ishirini sitazisahau upesi," alimwambia.

"Usizisahau. Nikijisahau, nitajie."

Bandeji ya jicho la kwanza ilipofunguliwa, mama alimkazia macho mwanawe. "Kumbe umeota mvi!" Waliporudi nyumbani akatazama kibanja chake, akaguna. "Waitu jamani, nani ameyaachia magugu kahawa yangu namna hii?" Akamkabidhi mwanawe jembe, watu wote wakacheka, na Consolata naye akacheka.

Siku hizi familia nzima inakwenda Muleba kila mwezi. Wakati mwingine darubini inabebwa, wakati mwingine inaachwa Bilele, kutegemea kazi zilizoko shambani.

FUNZO

Sijasimulia haya ili mtu avunje darubini yake. Kazi ya Ildefons ni nzuri, na mimi bado naenda kutazama. Lakini jambo jema nalo linaweza kutufanya tuwasahau watu wetu, na tusijione wakosaji, kwa sababu hatulewi wala hatuibi. Mzazi akiuliza unakuja lini, huenda ana jambo asiloweza kulisema kwenye simu. Usimjibu kwa sukari na sabuni. Nenda. Kaa naye kutwa nzima, umwangalie anavyotembea kutoka jikoni hadi mlangoni.