Jiwe la Dada Azza

Kila Jumamosi asubuhi Severa alibeba jiwe kwenda duka la ushirika la mtaa wao, Kariakoo. Sukari ilikuwa imeadimika, na desturi ilikuwa hiyo: unaweka jiwe lako kwenye foleni, unakwenda kufanya shughuli zako, unarudi duka likifunguliwa. Mawe yale yalikuwa na adabu kuliko watu, maana hayakusukumana.

Jumamosi hiyo Severa alitembea kifua mbele. Jana yake Ndugu Tarsis, aliyezunguka mashuleni na viwandani akifundisha maadili, aliwauliza wanafunzi wa darasa la sita, "Uadilifu ni nini?"

Severa alijibu, "Ni kutenda haki hata kama hakuna anayekuona."

Papo hapo akateuliwa kiranja wa maadili. Kusema ni rahisi, jamani.

Mbele ya jiwe lake lilikuwa jiwe la Azza, jirani yao, ambaye alikuwa na mtoto mchanga.

"Severa mdogo wangu, niangalizie jiwe," Azza alisema. "Nakwenda kumnyonyesha mtoto. Sukari ya uji imeniishia, na bila uji maziwa hayatoki vizuri."

"Haya, dada. Nenda tu."

Azza alipoondoka, muuzaji alifungua mlango akatangaza kwamba sukari ni kidogo, haitawatosha wote. Severa akaingiwa na hofu. Angerudije nyumbani mikono mitupu? Alitazama huku na huku, kisha akalisukuma jiwe la Azza kwa mguu mpaka likawa nyuma ya lake.

Azza alirudi mbio, akasimama mbele ya Severa. Watu wakamzomea.

"Wewe mama, unaruka foleni! Jiwe lako si lile pale nyuma?"

"Mimi nilimtangulia huyu mtoto. Severa, si kweli?"

Severa aliangalia kandambili zake. "Sijui, dada."

Azza alilitazama jiwe lake kwa muda. Halafu akawageukia watu. "Nisameheni. Tangu nijifungue nasahausahau."

Severa akapata sukari ya mwisho.

Nyumbani aliisukuma chai yake pembeni. Alimweleza mama yake yote huku akilia. Mama hakumchapa. Aliichukua ile sukari, wakaenda pamoja kwa Azza, na Severa akakiri alivyolisukuma jiwe.

"Ahsanteni," Azza alisema, akaipokea. "Lakini Severa, nilidhani akili yangu imeharibika. Ungeniambia tu."

Severa alitamani ardhi immeze.

Ndugu Tarsis aliporudi shuleni, Severa alimsimulia na kuomba avuliwe ukiranja.

"Na mimi nina kosa," Ndugu Tarsis alisema kwa huzuni. "Nilikuteua kwa jibu moja zuri. Sukari umerudisha, vyema. Lakini wale watu bado wanamwona Azza mrukaji foleni. Twende ukawaambie."

Jumamosi walikwenda. Severa alisimama mbele ya duka akasema kweli. Baadhi ya watu walimwendea Azza kumtaka radhi. Wengine waliomzomea hawakuwapo siku hiyo, na Severa hakujua hata wanakaa wapi.

"Hao nitawapataje, Ndugu Tarsis?"

"Huenda usiwapate kamwe, mwanangu. Uongo wako walishakwenda nao majumbani. Kwa hiyo siku nyingine ukikosea, sema kweli watu wakiwa bado wamesimama hapohapo."