Vidonge Vilivyofungwa Pindoni

Hivi mwenzangu, mume uliyezaa naye akikuuliza, "Dada, kwenu wapi?" utamjibu nini?

Mwanangu ni fundi rangi. Jumapili moja asubuhi alikuwa akipaka juu ya dirisha la jikoni, mkewe akichambua mchele na kumtania, "Rangi yote imeishia masikioni mwako!" Tukiwa bado tunacheka, ngazi ikateleza. Kichwa kikapiga sakafu ya saruji.

Alilazwa wiki tano. Alirudi mcheshi kuliko zamani, ila mke wake hakumtambua, akawa anamwita "nesi".

"Nesi, mumeo hakutafuti?"

"Mume wangu si wewe!"

"Acha utani. Mke wangu mrefu, halafu hanuni."

Ukimwambia anaumwa, anakushangaa. "Mgonjwa nani? Leteni ngazi!"

Daktari akaandika vidonge vya sonona. Akatueleza taratibu kwamba vidonge hivyo huwasaidia baadhi ya walioumia ubongo kutambua tena watu na hali yao; si ahadi, tujaribu, naye atamfuatilia. Lakini mimi, na darasa langu la saba, nilisoma karatasi ya dawa nikajisemea: mtu anacheka kutwa, sonona ya nini? Majirani si watasema nimezaa mwendawazimu?

Mkwe wangu ni mshonaji, hutoka mapema. Kumpa mumewe kidonge ilikuwa kazi yangu. Kila asubuhi nilimpa maji matupu, kidonge nikakifunga kwenye pindo la nguo, kisha nikakitupa chooni.

Mwezi ukapita hivyo. Siku moja mkwe wangu akarudi kutoka kazini amelowa mvua, akakuta mumewe amefunga mlango. "Nesi, zamu yako imekwisha! Nenda kwako!"

Nilipomfungulia, alikwenda moja kwa moja kufungasha nguo zake. "Mama, nimechoka kuwa mgeni nyumbani kwangu. Hata dawa imeshindwa."

Neno hilo lilinichoma. "Nipe miezi miwili tu, mwanangu," nikamsihi, sababu nikaimeza.

Kesho yake nilimweleza daktari kila kitu. Akanitazama. "Bibi, dawa haifanyi kazi ikiwa pindoni."

Tukaanza upya. Wiki ya tatu, mwanangu aligusa kovu lake. "Mama, kumbe nilianguka?" Ya sita, mkewe akimwekea chai, mwanangu alimkazia macho hadi chai ikapoa.

"Mke wangu, mbona umekonda hivi?"

Mkewe akacheka huku analia. "Leo ndiyo umeniona, wewe!"

Funzo

Ndugu zangu, dawa usiihukumu kwa jina lake, wala mgonjwa kwa kicheko chake. Usipoelewa, uliza, usikatishe dawa kwa akili zako. Maneno ya majirani hayajaponya mtu. Na ukikosa, sema mapema. Mimi nilichelewa. Jioni ya siku hiyo ya chai nilimfuata mkwe wangu kwenye beseni la vyombo, nikamshika mkono ukiwa na povu.

"Mwanangu, dawa haikushindwa. Ni mimi sikumpa mumeo. Nisamehe."