Kahawa ya Bi Orpha

Haya yalimkuta rafiki yangu Verlin, dereva wa gari la kukwangua theluji huku mashambani kwetu Marekani, karibu na mpaka wa Kanada. Serikali ya jimbo ilipoacha kuihudumia barabara yetu, hata kuikwangua theluji, alimwambia Bi Orpha, mjane wa nyumba ya mwisho, "Achana nao, mama. Mimi nitakuja tu."

"Na mimi kahawa yako sitaiacha ipoe," akacheka bibi.

Kila alfajiri akamwekea chupa ya bluu ya kahawa moto juu ya sanduku lake la barua kando ya barabara, kama tunavyowawekea madereva wote wa theluji. Rafiki yangu ndiyo, lakini hakwenda hata mara moja. Theluji ikamfungia bibi ndani, akafa kwa baridi.

Baada ya mazishi, Verlin alitumwa na jimbo kung'oa kibao cha namba ya barabara ile. Giza lilikuwa linaingia. Chupa ya bluu ilikuwa palepale, juu ya sanduku la bibi. Akaitikisa, kahawa imeganda kama jiwe. Akairudisha, akaondoka.

Njia nzima alisikia nyuma yake chuma kikikwangua lami, kwaruu, kwaruu. Kwenye kioo, hakuna taa wala gari. Alipofika kwake, sauti ikakoma.

Juu ya sanduku lake la barua ilisimama chupa ya bluu, kifuniko wazi, kahawa ikifuka moshi.