Faili Zenye Alama ya Kuuliza

Kibodi ilikuwa imelowa. Zamzam Hirsi aliikuta hivyo aliporudi kutoka kuswali adhuhuri, na chumba alikuwa amekifunga mwenyewe, ufunguo anao mkononi. Alichovya kidole katika yale maji akanusa. Yalinuka tope na mzoga, kama Garissa nzima ilivyonuka miezi michache nyuma, mto Tana ulipofurika na mbuzi wakaanza kufa kwa homa.

Hakuogopa. Alikasirika. Ulikuwa mwezi wa Juni, mwaka wa 1998, na shirika lililomwajiri lilitaka programu ya kuandikisha kaya zilizopoteza mifugo, ili zigawiwe mbuzi wapya. Kazi ya watu wawili aliifanya peke yake, maana msaidizi wake Qali, binti wa kijiji cha Sangailu, alikufa kwa homa hiyohiyo mwezi wa Februari.

Aliikausha kibodi kwa upindo wa shela yake, akaketi. Kazi yote aliitunza ndani ya programu aliyoiita ghala. Ghala lilikumbuka kila faili iliyoandikishwa humo na kila badiliko lake. Hata ukiifuta leo, kesho unaivuta tena. Lakini faili ambayo haikuandikishwa, ghala halikuitambua. Liliionyesha kwa alama ya kuuliza tu, na ukiifuta hiyo, imekwenda moja kwa moja.

Siku hiyo zilikuwepo tatu zenye alama ya kuuliza. Zamzam hakukumbuka kuziweka. Hakuzifungua. Alizifuta zote, akaendelea na kazi.

Kesho yake, adhuhuri, kibodi ilikuwa imelowa tena, na faili zilikuwa tisa.

"Adeer, nani mwingine ana ufunguo wa chumba changu?" alimuuliza meneja wake, Bwana Nunow, akimwita ami kwa heshima.

"Hakuna. Kwani kuna nini?"

"Kuna mtu anaingiza faili nisizozijua."

Nunow hakuuliza ni faili gani. "Futa," alisema. "Alhamisi wageni wanatoka Nairobi. Nataka folda safi. Kila kisichojulikana na ghala kitoke."

Siku ya tatu Zamzam hakwenda msikitini. Alifunga chumba, akasimama kwenye ujia, sikio mlangoni, akasikia adhana ikiisha, akasikia viatu vya wenzake vikishuka ngazi, kisha kimya, kisha, ndani ya chumba kisicho na mtu, kibodi ikaanza kugongwa, polepole, kidole kimoja kikitafuta herufi, kikiipata, kikitafuta nyingine, na kati ya herufi na herufi pumzi nzito ya mtu mwenye homa, mpaka ile harufu ya mzoga ikapenya chini ya mlango ikampanda miguuni.

Alifungua kwa nguvu. Kiti kilikuwa kitupu na kinachuruzika maji. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na maandishi:

*Kaya ya Guled Mustaf. Mbuzi arobaini wamebotea majini. Mtoto mmoja amebotea majini.*

Zamzam alilirudia neno moja: wamebotea. Ni mtu mmoja tu aliyeandika hivyo. Qali hakuiweza herufi p. Aliandika kama alivyosema, na Zamzam alizoea kumcheka. "Abaayo, dada yangu, nionyeshe namna ya kuandikisha kwenye ghala," Qali alimwomba siku nyingi. "Kesho," Zamzam alijibu kila mara. Kesho hiyo haikufika. Binti wa watu alikusanya majina ya kwao, akafa nayo bila ghala kuyajua, na siku mbili nyuma, yalipoanza kurudi, Zamzam aliyafuta bila hata kuyatazama.

Aliingia ofisini kwa Nunow bila kubisha hodi. "Yale ni majina ya Sangailu. Ripoti yako inasema Sangailu hakuna aliyepoteza kitu!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Mbuzi wao umewapa nani?"

"Wamepata wenyewe."

"Wenyewe ni nani, adeer? Jamaa zako?"

Nunow alisimama, akampita, akaingia chumba cha kompyuta. Alikaa kwenye kile kiti chenye maji kana kwamba hakioni. Zamzam alimvuta bega, akasukumwa. Amri ya kufuta Nunow alikuwa ameshaiona mara nyingi. Aliiandika, akabonyeza.

Kidole chake hakikuinuka tena.

Alikivuta, kikagoma. Feni ikasimama. Maji yakaanza kutoka katikati ya herufi, meusi, yakamwagika mapajani mwake, na yeye akafungua kinywa apige kelele, lakini kilichotoka ni sauti ya msichana, tulivu, yenye homa: "Kaya ya Guled Mustaf. Mbuzi arobaini wamebotea majini. Kaya ya Mustaf Alio. Ng'ombe kumi wamebotea majini."

Sauti ile ilifika hadi langoni, ambako Fatumo, mama yake Qali, aliuza maziwa ya ngamia. Alipanda ngazi mbio, kibuyu mkononi. "Huyo ni mwanangu! Qali! Hooyo!" aliita, kama mama wa Kisomali amwitavyo mwanawe.

Sheikh Alio, aliyeitwa kutoka msikiti wa jirani, alimzuia mlangoni. "Si mwanao. Wafu hawarudi. Huyu ni jini aliyeishi naye, anaijua sauti yake, basi." Akaanza kusoma Ayatul Kursi, akimpulizia Nunow usoni.

"Nitatoka," sauti ilisema. "Yaandikwe kwanza."

"Hatupatani na jini," Sheikh alisema.

"Sheikh," Zamzam alinong'ona, "faili zimefutwa. Majina yale hayapo popote duniani ila kwenye kinywa hicho."

"Binti, usiandike kinachosemwa na kitu kama hiki."

"Basi watu waendelee kufa njaa?" Aligeukia macho ya Nunow, yaliyokuwa yamegeuka meupe. "Siandiki kwa ajili yako, laana we. Naandika kwa ajili ya Qali."

Alipiga magoti kando ya kiti, vidole vyake vikigusana na kile kidole baridi kilichogoma. Jini alitaja, yeye akaandika, Sheikh akasoma juu ya sauti ile, Fatumo akilia ukutani, kaya kumi, kaya hamsini, harufu ikimziba koo, maji yakipanda vifundoni, kaya mia, na kila faili iliyojaa aliiandikisha kwenye ghala palepale asije akaipoteza mara ya pili, mpaka sauti iliposema, "Mia na kumi na mbili. Basi."

Hapo Sheikh alipaza sauti, akammwagia Nunow maji ya dua. Nunow alianguka, akatapika tope lenye manyoya ya mbuzi. Feni ikazunguka. Sakafu ilikuwa kavu.

Wageni walikuja Alhamisi, wakaikuta orodha. Nunow hakumaliza mwezi kazini. Mwezi wa Septemba malori ya mbuzi yalifika Sangailu, na Zamzam mwenyewe akasimama juu ya kreti kusoma majina. Kila kaya iliitika, ikachukua mbuzi sita. Fatumo alisimama karibu naye, hajamsamehe bado kwa kuyafuta majina ya mwanawe, lakini alisimama.

Likabaki jina la mwisho.

"Kaya ya Iftin Warsan."

Watu walitazamana. Akaita tena. Wazee walinong'onezana, wakatikisa vichwa.

"Hapa hajawahi kuwepo mtu wa jina hilo," Fatumo alisema.

Ndipo kutoka vichakani, jua likiwa utosini, sauti ileile ya msichana, tulivu, yenye homa, ikaitika: "Niko hapa."

Kibuyu kilimponyoka Fatumo. Mbuzi sita waliobaki waliinua vichwa kwa pamoja, wakaanza kutembea kuelekea kule, mmoja nyuma ya mwingine, bila mtu kuwaswaga.

"Lifute jina hilo," Fatumo alisema, kucha zake zimezama mkononi mwa Zamzam. "Hooyo, lifute!"

Zamzam aliitazama karatasi. Hasira yote iliyombeba tangu Juni ilimtoka, na chini yake hapakuwa na kitu. Jina lile alilipeleka ghalani kwa mikono yake. Angeweza kulifuta jioni hiyohiyo, na ghala lingeendelea kulikumbuka.

Mbuzi wa mwisho aliingia kichakani. Alilia mara moja, kisha hakulia tena.