Hodi kwa Majani

Mpaka leo nina hasira na yule askari. Itangishaka, jirani yetu hapa Kasenga, alikuwa dereva wa trakta huko Sange, akibeba marobota makubwa ya majani makavu kwa mkuki wa chuma ulio mbele ya trakta. Wakati wa vita wamama walijificha na watoto mule hangarini, ghala la marobota, kwa hiyo hakuwa akichoma robota kwa ule mkuki bila kubisha hodi kwanza. Siku ile askari walitaka marobota ya kufunga barabara. Mmoja akamcheka: "Weye, majani iko na mlango? Choma!"

Itangishaka akachoma bila hodi. Mule gizani robota likavuta pumzi, ndefu. Akazima mashine, akakata kamba, akafunua majani kwa mikono. Hamkuwa na muntu. Katikati kabisa kulikuwa na shimo lenye umbo la mama aliyekumbatia mtoto, na majani yake yalikuwa bado na joto.