Spika Isiyo na Waya

Jua lilikuwa linazama mama aliponituma. "Ajok, nenda kamlete mdogo wako. Ugali umeiva." Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma mtu hakutembea ovyo giza likishaingia, kwa hiyo hata disko lilipigwa mchana. Na Yar alikuwa huko disko tangu tutoke kanisani.

Mwaka ulikuwa 1996. Dijei mmoja aitwaye Mureithi alikuwa amekuja kutoka Lodwar na mitambo yake juu ya lori. Hakupiga rumba. Alipiga tekno, muziki wa mashine tupu, mdundo mmoja usiochoka, unaokugonga kifuani kama mtu anayetaka kufunguliwa mlango. Vijana walipagawa. Sisi tulikuwa tumetoka Sudan kwa miguu, tumefundishwa kunyamaza njia nzima ili tusisikike. Sasa tulikuwa tumepata mahali pa kupiga kelele.

Yar ndiye aliyekuwa na sauti nzuri kuliko wote katika kwaya yetu. Mureithi alimsikia, akampa maikrofoni, naye akaimba kwa Kidinka juu ya ule mdundo. Ukumbi ulisimama, kisha ukalipuka. Tangu siku ile watu walikwenda disko kwa sababu yake. Mureithi akamwahidi kwamba atamfikisha Nairobi arekodi kanda. Yar hakulala kwa furaha.

Nilipofika kwenye ukumbi wa mabati, hapakuwa na watu. Lokorio, mlinzi wa ukumbi, alikuwa amekaa chini mbali na mlango. Mbali kuliko kawaida. Nikamsalimu kwa Kiturkana, "Ejok." Akaitikia bila kunitazama. Akaniambia jenereta imezimwa kitambo, watu wamekwenda zao.

Lakini mimi nilikuwa namsikia Yar akiimba.

Niliingia. Joto la mabati lilikuwa bado halijatoka. Na palikuwa na harufu... harufu ya udongo uliolowa. Mvua haikuwa imenyesha Kakuma kwa miezi mingi.

Wimbo ulikuwa wa polepole, wa kumlaza mtoto. Nikamwona Yar. Ameketi sakafuni, mgongo ukutani, mikono juu ya magoti.

Mdomo wake ulikuwa umefumbwa.

Wimbo uliendelea.

Nikaufuata kwa macho. Jukwaani palikuwa na spika tatu. Mbili zilikuwa na nyaya zilizokwenda kwenye amplifaya. Ya tatu ilikuwa kubwa, nyeusi, imewambwa ngozi ya mbuzi mahali pa wavu. Haikuwa na waya wowote. Ngozi ile ilikuwa inapanda na kushuka, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Yar," niliita kwa sauti ya chini.

Mdogo wangu aliinua uso. Midomo yake ilitikisika, haikutoa kitu. Nyuma yangu, jukwaani, kitu kikajibu.

"Niko hapa, dada."

Sikumbuki vizuri tulivyofika nyumbani. Nakumbuka nilimvuta mkono, na mkono ulikuwa baridi. Kulipokucha Mureithi alikuwa ameshapakia vyombo na kuondoka.

Kliniki ya kambi ilimtazama Yar kooni, ikasema koo ni zima. Wazee wa kanisa walimwombea mpaka wakachoka. Majirani walisema ameingiwa na pepo, wengine wakasema ni majivuno ya disko yamempata. Mama alimwita tu. Asubuhi anamwita, jioni anamwita, na Yar anamtazama, machozi yanamtoka, hawezi hata kusema "mama".

Desemba tukasikia kwamba Mureithi atapiga disko kubwa Lodwar, sikukuu ya Jamhuri. Binamu yetu Mou alikuwa utingo kwenye lori la mizigo. Tukapata ruhusa ya kutoka kambini, mimi na Yar, tukapanda juu ya magunia. Mama miguu yake haikumruhusu kusafiri.

Ukumbi wa Lodwar ulijaa hadi madirishani. Makarani wa ofisi, askari wasio na sare, wafanyabiashara kutoka bara, vijana wa Kiturkana waliochana nywele kwa mtindo wa mjini. Mureithi alisimama nyuma ya mashine za santuri, visikizio shingoni, anaushusha mdundo taratibu, anaupandisha, mpaka watu wanamsihi kwa mikono. Alikuwa hodari. Lazima niseme hivyo. Kisha akausimamisha kabisa, na sauti ya Yar ikaingia.

Watu walipiga mayowe ya furaha.

Mimi nilisikiliza maneno. Yalikuwa mapya. Yar hakuwahi kuyaimba. Hapa ni giza, iliimba ile sauti kwa Kidinka. Hapa ni giza, dada, na tuko wengi. Hakuna mwingine aliyejua lugha yetu. Walicheza. Jasho liliwatiririka, wakacheza.

Ndipo nikaona jambo jingine. Mureithi aliwasalimu watu wa Lodwar, sauti yake nzito ikajaa ukumbi, wakaitikia. Lakini mdomo wake ulikuwa unatafuna miraa. Polepole. Haukufunguka.

Jua lilipokuwa likitua, disko lilipumzika. Tukamkuta Mureithi uani, amekaa juu ya kreti la soda. Nilimwambia arudishe sauti ya mdogo wangu. Alinipa ishara niiname. Kilichomtoka hakikuwa sauti, kilikuwa pumzi tu.

"Hata yangu iko huko," alisema.

Akanieleza kidogo kidogo, akipumzika kila baada ya maneno machache. Alikuwa amepiga muziki miaka mingi katika kumbi tupu, Nakuru, Kitale, kote, watu wakimpita kwenda kwa madijei wengine. Huko Lokichoggio alikutana na dijei mgeni, bubu, aliyempa spika ile kwa mikono miwili kisha akaondoka karibu anakimbia. Tangu hapo kumbi zake hazikuwahi kubaki tupu.

Nikamuuliza kwa nini Yar.

"Mimi sikumchagua. Hiyo kitu huchagua yenyewe. Mimi napeleka maikrofoni tu."

Nikamuuliza itakuwaje ikivunjwa. Alitikisa kichwa. Hakujua. Nadhani hakutaka kujua.

Mou alileta chuma cha jeki. Tukaingia jukwaani kwa mlango wa nyuma. Ile harufu ya mvua ilitupokea. Mou aliinua chuma... na Yar akaruka. Aliikumbatia ile spika kwa mikono yote miwili, akaweka sikio kwenye ngozi. Ndani, sauti yake ilikuwa inaimba taratibu, kwa ajili yake peke yake. Alinitazama, akatikisa kichwa. Hapana. Hapana.

Mou alishusha chuma.

Watu waliporudi ukumbini, Mureithi alimpa Yar maikrofoni na kumwonyesha wakati wa kufunua mdomo. Mdogo wangu akapanda jukwaani. Akawa anachezesha midomo, na sauti iliyokuwa yake ikatoka nyuma ya mgongo wake. Lodwar nzima ililiita jina lake.

Hakurudi Kakuma nasi.

Miaka miwili walizunguka. Kitale, Eldoret, Nairobi. Picha zake zilibandikwa ukutani, kanda zake zikafika mpaka vibanda vya kambini. Watu walitupongeza. Walisema mmebahatika, mtoto wenu ameokoka na umaskini. Mama alikuwa akisikia wimbo wa Yar kibandani, anabadilisha njia.

Mwishoni mwa 1998 disko lilikuja tena Kakuma. Mureithi hakuwepo, na hakuna aliyejua alikoachwa. Yar mwenyewe ndiye aliyekuwa dijei sasa, amekonda, amevaa koti jeusi kwenye lile joto. Alasiri, kabla watu hawajaja, mama aliniegemea tukaenda ukumbini.

Walikumbatiana muda mrefu. Nilifikiri basi, haya ndiyo yote yatakayokuwa. Kisha nikasikia harufu ya udongo uliolowa.

"Mama," ile spika iliita.

Ilikuwa sauti ya Yar wa miaka kumi na sita, vilevile.

"Mama."

Nilimshika mama mkono, nikamnong'oneza twende. Nilimvuta. Mama alimtazama Yar, aliyekuwa amefumba mdomo, amefumba na macho. Kisha akaitazama spika. Miaka miwili hakuwa ameitwa na mtoto wake.

"Naam, mwanangu," mama aliitika.

Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kinywani mwake.

Mimi na mama tunaishi pamoja mpaka sasa. Hapiki tena, hapendi watu waje. Yar aliondoka siku ileile na hatujui alipo, ila kanda zake zinakuja. Ngoma mpya ina sauti za wanawake wawili, mmoja anaita, mwingine anaitika, na vijana wanaipenda kuliko zote. Mama naye sasa habadilishi njia. Husimama kibandani mpaka iishe.

Mwisho wa wimbo mdundo hukoma, sauti zile mbili zikabaki peke yake. Majirani wananiambia hawasikii maneno hapo, ni kuvuma tu.

Zinaniita mimi. Kwa jina. Sijaitika.