Vidudu vya Bustanini

Mwanabaraka hakuwa mwanamke wa kusemesha wanaume sokoni, tena siku hiyo akiwa na baibui jipya linalonukia udi. Lakini kijana yule mwenye suruali ya kaki iliyopigwa pasi alishainua kidole gumba kumponda mdudu mwekundu wa madoa meusi juu ya fungu la mchicha. Soko la Temeke likajaa macho, naye hakujali.

"Mwache huyo, kaka. Ndiye mlinzi wa hiyo mboga."

"Analinda kwa rungu au kwa bunduki?"

"Kwa mdomo. Anakula vidukari wanaofyonza majani. Mie mwalimu, nawafundisha hayo wasichana wangu."

"Na mie Jabiri, mwandishi wa gazeti. Basi nifundishe na mie."

Ndivyo yalivyoanza. Jabiri akawa haishi kuja bustani ya shule, anainamia kunde pamoja na wanafunzi, na Mwanabaraka akampenda, akafa akaoza. Kilichomkera ni hilo gazeti tu.

"Siasa zenu mafumbo matupu," alimwambia. "Leo fisi, kesho shoka na mpini. Msomaji anabaki kukuna kichwa."

"Tukisema wazi, mpenzi, Mzungu anatufunga."

"Andika kitu kimoja cha wazi. Kwa ajili yangu."

Jabiri akaahidi, akaandika habari za vidudu. Mtaa ukalipuka. Kwa kinyozi gazeti lilisomwa kwa sauti: watoto wa kidudu ni weusi, wana miiba, na hula vidukari wengi kuliko hata wazazi wao. Wateja wakapigana vikumbo kwa kicheko. Watoto weusi, jamani! Na vidukari ni nani, kama si Wazungu?

Mwanabaraka alikuwa akipita nje, akayasikia, akawaka. Jioni Jabiri alipobisha hodi, hakumfungulia.

"Mwana, nimeandika vidudu tu, wallahi."

"Kamdanganye mwingine. Umeligeuza somo langu fumbo."

Kesho yake polisi wakamchukua Jabiri kwa uchochezi. Kosa hilo lilikuwa na kifungo, na habari zikamfikia Mwanabaraka. Ndipo akalitafuta gazeti alisome mwenyewe. Mayai ya manjano chini ya jani. Maji machungu yanayotoka magotini mdudu akiguswa. Sasa hilo fumbo la nani? Lilikuwa somo lake, neno kwa neno. Alijiona mjinga, akalia, kisha akakata tawi la kunde, akaenda nalo kituoni.

Afisa wa Kizungu alikijua Kiswahili vizuri. "Hawa watoto weusi ni akina nani?"

"Ndio hawa, bwana." Akaweka tawi mezani.

Vitoto vyeusi vilikuwa vikitafuna vidukari bila haraka. Afisa akamgusa mdudu mkubwa, maji ya manjano yakamchafua kidole. Akanusa, akakunja uso. Akalitazama gazeti, akakitazama kidole.

"Mtoeni," alisema.

Nje, Jabiri alisimama juani, kanzu aliyokamatwa nayo imekunjamana, anapumua tu. Mwanabaraka akamsogelea.

"Nisamehe. Nilikuhukumu kwa maneno ya kinyozi."

"Nusura nifungwe kwa kusema kweli, na bado sijakoma. Nakupenda, Mwana. Nataka kukuoa."

Mwanabaraka alicheka huku machozi yanamtoka, wala hakujifunika uso.

"Nami nakutaka. Baba yupo nyumbani baada ya alasiri. Tuma washenga leo hii hii, kabla gazeti lako halijatoka tena."